Mwalimu Nieves Ayaviri na Jumamosi za Vilapampa

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Nyanda za Juu hapa Oruro, Mwalimu Nieves Ayaviri Condo anastaafu rasmi leo, siku ya mwisho ya Juni. Ofisi ya Uhusiano imenipa kurasa chache za kijitabu hiki cha sherehe, na ikanikumbusha kwa upole kwamba wasifu wa mstaafu huandikwa kwa furaha. Nimesikia. Furaha ninayo, maana kwa miaka mingi meza yangu na meza yake zimetazamana katika chumba kimoja chenye dirisha moja bovu. Lakini hasira ninayo pia, na leo ndiyo iliyo kubwa zaidi. Atakayekereka afunge kijitabu aendelee na api yake, uji wetu wa mahindi, kabla haijapoa.

Nianze na furaha, nisije nikaambiwa sina adabu. Mwalimu Nieves alizaliwa katika kambi ya wachimbaji wa bati. Baba yake alitaka awe mshonaji, yeye akataka udongo. Aliingia kitivo hiki wakati walimu wanawake walikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Siku yake ya kwanza darasani mwanafunzi mmoja wa mjini alimuuliza kama ndiye aliyetumwa kufagia. Akamjibu, "Ndiyo, na ninaanza na wewe," akamtoa nje. Kijana yule leo anaongoza shamba kubwa la mbegu, na kila Krismasi humletea jibini.

Kazi iliyompa jina ni ile ya tawi letu la Vilapampa. Wanafunzi wa kule ni wafugaji wa lama na wakulima wa kinoa. Hawawezi kuhamia mjini miaka mitano, kwa sababu mifugo haina likizo. Wakubwa wa wakati ule walisema basi, watu hao si wa chuo kikuu. Mwalimu Nieves akanunua kinasa sauti. Alirekodi masomo ya wiki nzima kwenye kaseti, akampa dereva wa basi, na mwanafunzi akasikiliza huku anachunga. Kisha ikifika Jumamosi wote walikutana Vilapampa, wakauliza, wakabishana, wakachimba udongo na kuunusa. Kaseti zikaja kupisha redio, redio ikapisha simu. Leo mabwana wa semina wanaliita jambo hilo masomo mseto, sehemu darasani na sehemu mtandaoni, na wanatuletea kana kwamba limeshuka jana kutoka mbinguni. Yeye alikuwa akilifanya kabla halijapata jina.

Kaseti zile zina visa vyake. Somo la chumvi ya udongo alilirekodi nyumbani kwake Januari, na jirani yake alikuwa na bendi ya tarumbeta iliyokuwa ikijifua kwa ajili ya Kanivali. Kila alipotaja chumvi, tarumbeta zilijibu. Hakukuwa na kaseti nyingine, kwa hiyo somo likaenda hivyo hivyo, na likaendelea kutumika kwa miaka. Mwanafunzi mmoja alipokuja mjini kufanya mtihani alinyoosha mkono akamuuliza msimamizi, "Samahani, swali la chumvi halina muziki?" Msimamizi alikuwa mimi. Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Jumamosi za Vilapampa zilikuwa na desturi yake. Ikifika saa sita mchana vitabu hufungwa, na akina mama hutandika kitambaa kirefu chini kwa mlo tunaouita apthapi. Kila mmoja anamwaga alichonacho: viazi, chuño, yaani viazi vilivyokaushwa kwa baridi, maharage, jibini, nyama kavu ya lama. Haiulizwi nani kaleta kingi na nani kaleta kidogo, mkono unakwenda unakotaka. Nimeona tasnifu nzuri zaidi ya tano zikizaliwa pale juu ya viazi. Mwanafunzi mkubwa kuliko wote alikuwa Don Eusebio Choquetopa, aliyejiandikisha akiwa tayari na wajukuu. Mdogo kuliko wote ni Lidia Huarachi, anayeandika tasnifu kuhusu chumvi inayopanda katika mashamba ya mama yake. Akimaliza, atakuwa mtaalamu wa kwanza wa kilimo aliyezaliwa Vilapampa penyewe. Mashamba ya kule yanakufa, na watu wanamsubiri yeye.

Sasa nifike panaponiuma.

Mwaka jana mwezi wa nane chuo chetu kiliungana na vyuo vya Uruguay, Kosta Rika, Meksiko na Ekuado kufanya utafiti: wanafunzi wa nchi zetu wako tayari kwa kiasi gani kupokea masomo mseto? Swali lenyewe halikuwa baya. Mwalimu Nieves alilifurahia, aliona hatimaye kazi yake imepata mtu wa kuitazama. Akawakaribisha watafiti waje Vilapampa siku ya Jumamosi.

Watafiti walifika mchana, kitambaa ndiyo kwanza kimetandikwa. Na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, hawakuja hivi hivi. Walileta makasha ya salteña, sambusa za nyama za moto kutoka mjini, zile zenye mchuzi unaochuruzika mpaka kwenye kiwiko, wakazimimina kwenye kitambaa pamoja na viazi vyetu. Watu wakala, wakashukuru. Mafuta hayajakauka midomoni, karatasi zikagawiwa. Uko tayari kwa kiasi gani? Kidogo, wastani, sana, au sana kabisa?

Kila mtu wa nyanda hizi anajua kilichofuata, isipokuwa watu wa ofisi zetu, ambao nao mama zao walitandika kitambaa hicho hicho lakini wamejisahaulisha. Aliyeweka chakula chake kwenye kitambaa chenu haambiwi hapana siku hiyo. Ataambiwa kesho, au wiki ijayo, tena kwa kuzungushwa. Wanafunzi wakaweka alama kwenye "sana kabisa" kuanzia juu hadi chini. Walipoulizwa kama nyumbani kuna mtandao wa uhakika, wakajibu kuna. Don Eusebio, ambaye hata umeme hana, alijibu kwamba mtandao wake ni mzuri sana.

Matokeo yalisomwa ukumbini mwetu, na wenzetu wa nchi nyingine wakituona kwenye skrini. Bolivia, yaani sisi, tumekuwa wa kwanza kwa utayari. Uruguay imeshika mkia. Profesa Graciela Echenique akauliza kutoka Montevideo, kwa unyonge kabisa, "Wenzetu, hebu tuambieni siri. Hapa kwetu wanafunzi wana kila kitu, na bado wamelalamika kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Nyinyi mnafanyaje?"

Dakta Marcelo Iturri, makamu wa mkuu wa chuo, alikuwa anarekebisha tai ili ajibu. Mwalimu Nieves akamtangulia kutoka safu ya nyuma.

"Tunawalisha kwanza," akasema.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Sitanii, Profesa. Wanafunzi wako si wakorofi, ni wakweli tu, kwa sababu hamkuwapa salteña. Wetu wamewapa wageni jibu la shukrani. Hili si jibu la utafiti, rudini mkaulize upya."

"Mwalimu Nieves na utani wake," akasema Dakta Iturri, akafunga kikao. Wiki iliyofuata bango likatundikwa langoni: WA KWANZA KWA UTAYARI. Bado lipo. Mmepita chini yake leo mkija hapa.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mwezi wa kumi ilikuja amri. Kwa kuwa wanafunzi wa Vilapampa wako tayari sana kabisa, Jumamosi zao zimefutwa. Masomo yote, na maswali yote, yatakuwa kwenye skrini, moja kwa moja, kwa saa zilizopangwa mjini. Jengo la tawi likafungwa kwa kufuli. Na mpango huo mpya bado unaitwa masomo mseto! Mseto wa kitu kimoja ni mseto gani? Hata mtoto anayejifunza kupika hawezi kukuletea sahani ya namna hiyo na kukutazama usoni.

Sitaki kupamba yaliyotokea. Kule kuna kilima kimoja tu chenye mawasiliano ya kuaminika, na juu yake upepo hausamehe. Don Eusebio alikipanda majuma kadhaa, blanketi begani, akaona nusu ya uso wa mwalimu ukiwa umeganda na mdomo wazi. Kisha akaacha kupanda. Wengine walivuka kwenda Chile kwenye mavuno ya zabibu. Kufikia Krismasi nusu ya darasa haikuwapo. Ofisi ya Dakta Iturri ikaeleza kwamba tatizo ni wanafunzi kukosa nidhamu ya kujisomea. Nilipoisoma sentensi hiyo nilitamani kuvunja kikombe, nikakivunja. Mwalimu Nieves akaniambia, "Zoa vigae, mzee. Wakisikia umekasirika watasema na wewe huna nidhamu."

Yeye alikasirika vizuri zaidi. Alipanda basi, akaenda nyumba kwa nyumba, na hakubeba hata mkate. Alikwenda mkono mtupu makusudi, ili watu wawe huru kumnunia. Hakuwauliza kama wako tayari. Aliwauliza kwa Kiaymara, huku wanafanya kazi zao: ukisoma kwa simu unakaa wapi, na nani anabaki na mifugo?

Mimi nilifuatana naye safari mbili, kwa hiyo nayaandika niliyoyasikia kwa masikio yangu. Lidia alikuwa anachambua kinoa na mama yake. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Simu ni ya kaka, Mwalimu. Akiwa nyumbani nasoma, akienda mgodini anaondoka na chuo kikuu mfukoni."

"Na masomo ya simu huyataki?"

"Nayataka! Nimesoma kwa sauti yako miaka minne, mpaka kondoo wanakujua. Lakini swali langu nalibeba wiki nzima, Jumamosi nalitua. Sasa nalitua wapi?"

Don Eusebio yeye alitukaribisha juani, mbele ya ukuta wake, akatusikiliza mpaka mwisho.

"Mie nilidanganya, najua," akasema. "Wale vijana wamebeba salteña mwendo wote ule, tuwaambie hapana? Wangerudi na uso gani kwa mama zao?"

"Na sasa unasemaje, Don Eusebio?"

"Nasema hivi. Mtu akisoma peke yake anakubaliana na kila upuuzi wake. Pale kwenye darasa lenu kuna yule mama wa ng'ambo ya mto, ananibishia mpaka nataka kulia. Huyo ndiye aliyenifundisha. Nirudishieni yule mama."

Hilo ndilo jibu, enyi nchi tano. Wanafunzi wa Vilapampa wako tayari, na walikuwa tayari zamani, kabla ya watafiti wenu kuzaliwa. Wanataka simu siku za kazi na watu siku ya Jumamosi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini angalau angeuliza kabla ya kuondoa sahani.

Mwezi wa tano Mwalimu Nieves alipeleka hoja yake kwenye Baraza la Chuo: Jumamosi zirudi kabla muhula mpya haujaanza, ili wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamalize tasnifu zao. Kwetu, kama mjuavyo, nusu ya viti vya Baraza ni vya wanafunzi, kwa hiyo nilikwenda na matumaini. Mjumbe wao, Jhonny Velarde, kijana wa hapa hapa mjini, akasimama wa kwanza.

"Doña Nieves, kwa heshima zote, sisi wanafunzi tulishasema tuko tayari. Dunia inakwenda mbele. Tusirudishwe nyuma."

Lidia alikuwa ameketi ukutani na wageni. Alikuwa ametoka nyumbani jogoo hajawika. Akanyanyuka bila kupewa nafasi.

"Sisi nani, kaka? Wewe unasomea wapi?"

"Nyumbani."

"Kitandani?"

"Wakati mwingine."

"Hongera kwa kitanda. Mimi nasomea mlimani. Niko tayari kusoma kwa simu kuliko wewe, maana mimi naifuata kwa miguu. Siko tayari kunyang'anywa Jumamosi. Haya mambo mawili mmeyachanganya nyinyi, siyo mimi."

Dakta Iturri akatabasamu lile tabasamu lake la kwenye picha za matangazo. "Lakini binti, mwaka jana ulijaza mwenyewe 'sana kabisa'. Takwimu hazina huruma."

"Nilijaza, Dakta. Wewe mwenyewe ulikuwepo, ulikula viazi vya mama. Ulitaka nikukatalie ukiwa bado unatafuna?"

Ukumbi ulilipuka. Hata Velarde alicheka. Akamgeukia Lidia akauliza, "Kwa hiyo mnataka nini hasa?" Ni swali ambalo chuo kizima hakikuwahi kuliuliza tangu mwezi wa nane, na limetoka kwa kijana anayesomea kitandani. Mgala muue na haki yake umpe.

Lidia alifungua mdomo ajibu. Dakta Iturri akatazama saa ya ukutani, akasema muda umekwisha, hoja itajadiliwa kikao cha Julai.

Kanuni zetu zinasema hoja hufa mwenye hoja anapostaafu. Makamu wa mkuu wa chuo anazijua kanuni, aliziandika yeye. Tarehe ya kustaafu ya Mwalimu Nieves anaijua pia, maana ndiyo iliyopigwa chapa kwenye jalada la kijitabu hiki, kwa herufi za dhahabu. Sitasema ilikuwa bahati mbaya. Bibi huyu amefundisha kizazi kizima cha wataalamu wa kilimo wa nyanda hizi, ameandika vitabu vitatu vya udongo, amepandisha ruzuku ya maabara mara mbili, na kuagwa kwake ni kusubiriwa aondoke ili hoja yake izikwe bila msiba. Nimeona mengi mabaya katika chuo hiki. Haya yamenichefua kuliko yote.

Kwa hiyo naandika hapa, hadharani, ili isije ikasemwa sikusema: hoja ile nimeiwasilisha upya kwa jina langu. Kustaafu kwangu bado kuko mbali, na mapafu yangu mazima. Nanyi wajumbe wa wanafunzi, nusu ya kura ni zenu. Waliowatangulia walipigwa mabomu ya machozi barabarani ili mzipate. Jhonny, uliuliza swali zuri. Kikao cha Julai kaa mpaka upate jibu lake.

Imebaki ile sehemu ambapo mstaafu huombwa asimame apigiwe makofi. Kiti chake pale mbele ni kitupu, na mlio ukumbini mtakuwa mnanong'onezana kwamba labda ni mgonjwa. Si mgonjwa. Jumanne Dakta Iturri alikuja mwenyewe ofisini kwetu, mikono nyuma, mchangamfu.

"Mwalimu, sherehe yako ni Jumamosi, saa tano. Kuna nishani, kuna bendi, tumekununulia na tableti."

Mwalimu Nieves alikuwa anafunga mabuku yake kwa kamba. "Jumamosi nina darasa."

"Darasa gani? Vilapampa imefungwa."

"Mlango ndio umefungwa. Uwanja hauna kufuli."

"Mwalimu, huna ruhusa ya kufundisha pale. Tena kuanzia Jumamosi wewe ni mstaafu."

Akainua kichwa, akamtazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu mwezi wa kumi.

"Ndiyo," akasema. "Kwa hiyo huwezi tena kunikataza."

Mwalimu Nieves, kwa niaba ya Kitivo cha Kilimo, na ya wote uliowafundisha kwa kaseti, kwa redio, kwa simu na kwa ukali: asante. Wastaafu wengine hutakiwa mapumziko mema. Wewe tunakutakia kazi njema, na Jumamosi nyingi.

Severino Titichoca
Mwalimu wa Ufugaji, Kitivo cha Kilimo